Ukisoma Ukapoteza Mstari: Ugonjwa wa Glakoma na Usomaji Wetu

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa na mhamasishaji wa jamii mbele ya wakaaji wa kambi, Wilaya ya Rubavu)

  Nitajaribu kutowachelewesha, kwa sababu najua wengine wameacha sufuria motoni.

Leo sitazungumza juu ya malaria wala juu ya kunawa mikono. Hayo mmekwisha kuyasikia mara nyingi. Leo tuzungumze juu ya ugonjwa mmoja wa macho ambao kwa watu wengi hauumi, hauwashi wala hautoi usaha. Kwa sababu hiyo watu hawaupeleki kwa mganga mpaka umekwisha kula jicho. Unaitwa glakoma. Wengine huuita presha ya macho. Nataka tuutazame kwa upande mmoja hasa, yaani namna unavyomharibia mtu kusoma.

Kwa nini kusoma? Kwa sababu sisi wakimbizi tunaishi kwa karatasi. Kuna karatasi ya familia, orodha ya mgao, barua ya rufaa ya hospitali, tangazo la mkutano, Biblia, Kurani, daftari la mtoto. Asiyeweza kusoma karatasi hapa hutegemea mdomo wa mwingine. Kama alikuwa akisoma jana na leo hawezi, huona haya kusema.

Mzee aliyekuwa akitusomea

Katika bloki yetu kulikuwa na mzee mmoja, sitamtaja jina. Alikuwa mwalimu huko tulikotoka. Barua ikija, tulimpelekea yeye. Tangazo likibandikwa, yeye ndiye aliyetusomea kwa sauti. Siku ya Jumapili alisoma somo kanisani.

Siku moja akisoma kanisani aliruka mstari. Watu walitazamana. Jumapili iliyofuata alisoma mstari mmoja mara mbili. Vijana walicheka nyuma, nami nilikuwa mmoja wao. Baadaye akaanza kusema amechoka, mwingine asome. Watu walisema mzee amezeeka, kichwa kimechoka. Wengine walisema maneno mabaya zaidi, kwamba labda amerogwa.

Mimi nilitaka kumsaidia. Nilikwenda sokoni nikamnunulia miwani ya kusomea. Aliivaa, akashukuru, akasema herufi zimekuwa nzuri. Lakini mistari iliendelea kumpotea. Tulikaa hivyo karibu mwaka mzima, tukiamini miwani inatosha. Alipopelekwa hospitalini daktari wa macho alitazama ndani ya jicho, akatuambia kwamba jicho la kushoto limekwisha, na la kulia limebaki na sehemu ya katikati. Aliuliza kwa nini tulichelewa. Sikuwa na jibu.

Ndiyo maana nimesimama hapa. Ule mwaka mmoja hauwezi kurudishwa, lakini mzee wa bloki nyingine anaweza kuokolewa.

Glakoma ni nini?

Ndani ya jicho, upande wa mbele, kuna maji safi. Si machozi. Machozi yako nje, haya yako ndani. Jicho hutengeneza maji haya kila siku, na kila siku hutoka kwa njia ndogo sana iliyo pembeni ya mboni. Yakiingia na kutoka sawasawa, jicho lina nguvu yake ya kawaida.

Fikirini mfereji wa maji machafu nyuma ya bomba letu. Bomba likifunguliwa na mfereji ukaziba, maji hujaa. Ndani ya jicho maji hayana mahali pa kumwagikia. Yanasukuma. Nyuma ya jicho kuna mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa huo una nyuzi zaidi ya 1,000,000, nyembamba mno. Msukumo ukizidi nguvu ya mshipa, nyuzi hufa, chache leo, chache mwezi ujao. Uzi uliokufa haufufuki.

Hapa niseme mambo mawili ambayo watu huyachanganya.

Kwanza, presha ya macho si presha ya damu. Unaweza kupimwa mkono ukaambiwa damu yako ni nzuri, na macho yako yakawa yanaharibika. Tena wako watu ambao hata presha ya jicho ikipimwa huonekana ya kawaida, na bado wana glakoma. Kwa hiyo daktari hapimi presha tu. Hutazama na mshipa ulio nyuma ya jicho.

Pili, glakoma si mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho ni ukungu katika kioo cha jicho. Daktari hukitoa kioo hicho, huweka kingine, na mara nyingi mtu huona tena. Kwa glakoma hakuna operesheni inayorudisha macho yaliyokwisha kupotea. Dawa, mwanga wa leza na operesheni zipo, lakini kazi yake ni kulinda yale yaliyobaki. Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa glakoma, ndugu zangu, ukuta ukianguka haujengwi tena. Tuna nafasi ya kuziba ufa tu.

Inamsumbuaje mtu anayesoma?

Wengi hudhani ya kuwa mtu mwenye glakoma huona giza pembeni, kama aliye ndani ya shimo. Sivyo wagonjwa wengi wanavyosema. Ubongo hujaza mahali palipokosa picha. Mtu haoni weusi, anaona mahali pamefifia, au kitu kinakosekana na yeye hajui kama kinakosekana. Zaidi ya hayo tuna macho mawili, na jicho zima hufunika kosa la mwenzake. Ndiyo maana mtu anaweza kupoteza sehemu kubwa ya jicho moja asijue.

Sasa chukueni karatasi hii mliyopewa. Kunjeni mkono mmoja uwe kama bomba, mlango wake uwe mdogo, uwekeni kwenye jicho moja. Fumbeni la pili. Someni mistari mitatu.

Mmeonaje? Herufi mnaziona. Neno mnaliona. Lakini mkifika mwisho wa mstari, mwanzo wa mstari unaofuata uko wapi? Mnautafuta. Wengine wamerudi palepale, wengine wameruka. Basi hivyo ndivyo mzee wetu alivyokuwa akiteseka, nasi tulicheka.

Maana yake ni hii. Jicho linaposoma haliteremki taratibu kama maji. Linaruka kutoka neno hadi neno. Katikati ya jicho husoma herufi, na sehemu za kandokando humwonyesha mtu neno linalofuata liko wapi, na mstari mpya unaanzia wapi. Glakoma kwa kawaida huanza kula kandokando. Kwa hiyo mtu anaweza kusimama mbele ya ubao wa kupimia, akasoma herufi ndogo bila kosa, akaambiwa macho ni mazuri, kisha akashindwa kusoma ukurasa mmoja nyumbani.

Dalili nyingine ni kwamba mwandiko uliofifia humshinda. Wino mweusi kwenye karatasi nyeupe anausoma, lakini penseli haisomi, wala karatasi iliyopigwa nakala mara nyingi. Akitoka juani akaingia nyumbani hukaa kitambo haoni. Na husoma polepole, huchoka upesi. Mwaka 2013 madaktari wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani walieleza kazi waliyofanya kwa kuwapa wazee kitabu wasome kimyakimya kwa dakika 30. Waliokuwa na glakoma katika macho yote mawili walisoma polepole kuliko wengine, na kadiri walivyoendelea kusoma ndivyo walivyozidi kupunguza mwendo. Basi mtu akikuambia anachoka kusoma, usimwite mvivu.

Sisemi kwamba kila anayeruka mstari ana glakoma. Baada ya miaka 40 wengi wetu huanza kusogeza kitabu mbali ili herufi ziwe wazi. Hiyo ni hali ya umri, na miwani huisaidia. Lakini miwani hurekebisha picha tu, haiponyi mshipa. Kosa langu mimi lilikuwa hapo. Kununua miwani si kosa. Kosa ni kununua miwani badala ya kupimwa.

Nani yuko hatarini zaidi?

Ugonjwa huu si wa watu wachache. Kongwa, katika Mkoa wa Dodoma, Tanzania, madaktari walipima watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Matokeo yalitolewa mwaka 2000: karibu watu 4 katika kila 100 walikuwa na glakoma. Hesabuni wenyewe watu wa umri huo katika bloki yenu.

Wanaopaswa kutangulia kupimwa ni hawa:

1. Kila aliyepita miaka 40. Kadiri umri unavyozidi, hatari inazidi. Na sisi watu weusi tunapata aina hii mapema na kwa ukali kuliko mataifa mengine.

2. Aliye na mzazi, kaka au dada mwenye glakoma. Hili ni la kukaza sana. Mdogo wake yule mzee alipimwa kwa sababu tu ya kaka yake. Yeye alikuwa anasoma vizuri, hana lalamiko. Akakutwa nayo mwanzoni. Leo anatumia dawa na bado anasoma.

3. Aliyewahi kuumizwa jicho kwa fimbo, jiwe, ngumi au mlipuko, hata kama ni zamani.

4. Aliyetumia kwa muda mrefu dawa za jicho zenye steroidi, kama deksamethazoni, bila daktari. Dawa hizi huuzwa kwa ajili ya macho mekundu na kuwasha. Kweli jicho hupata nafuu upesi, na ndiyo maana watu huzipenda. Lakini zikitumiwa wiki nyingi zinaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta glakoma, hata kwa mtoto. Usimwazime jirani dawa ya macho, wala usiazime.

Kuhusu majani na maji ya mizizi yanayotiwa machoni, nawaheshimu wazee wetu, lakini jicho si kidonda cha mguu. Dawa hizo zinaweza kuunguza kioo cha mbele cha jicho, na hakuna hata moja inayofungua ule mfereji wa ndani.

Kuna hali mbili zisizongoja kesho. Ya kwanza ni jicho kuuma kwa ghafula na kwa nguvu, kuwa jekundu, kuona ukungu na duara za rangi kuzunguka taa, pengine pamoja na kichwa kuuma na kutapika. Nenda kituo cha afya saa hiyohiyo, hata usiku. Ya pili ni mtoto mchanga ambaye macho yake ni makubwa kupita kawaida, yana ukungu, yanatoa machozi, na hukimbia mwanga. Mama, usiambiwe kwamba mtoto ana macho mazuri makubwa ukaridhika. Mpeleke.

Tufanye nini hapa tulipo?

Anzeni kwenye kituo cha afya. Katika Rwanda wauguzi wa vituo vya afya walifundishwa kupima macho, kazi iliyofanywa na Wizara ya Afya pamoja na shirika la Vision for a Nation katika miaka ya 2010. Muuguzi hawezi kumaliza shauri la glakoma, lakini ndiye anayefungua mlango wa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, hapa kwetu ni Gisenyi. Pakihitajika zaidi, kuna hospitali ya macho ya Kabgayi huko Muhanga, na kuna madaktari wa macho Kigali.

Ukifika usiseme tu, "Macho yananisumbua." Kila mtu husema hivyo. Sema, "Ninapoteza mstari nikisoma. Najikwaa upande huu. Kaka yangu ana glakoma. Naomba nitazamwe mshipa wa nyuma ya jicho na presha ya jicho." Maneno hayo yatamwonyesha muuguzi pa kutazama. Nyumbani, funika jicho moja usome, kisha funika la pili. Ukiona tofauti, usikawie. Lakini usipoona tofauti bado nenda upimwe, kwa maana mwanzoni mgonjwa hatambui lolote.

Ukipewa dawa ya matone, shika haya. Nawa mikono. Vuta ukope wa chini, tia tone moja, fumba jicho bila kulikaza, na ubonyeze pembe ya jicho iliyo karibu na pua kama dakika mbili, ili dawa isitiririkie kooni. Kama una dawa za aina mbili, ngoja dakika tano katikati. Tumia saa zilezile kila siku. Mwenye pumu amwambie daktari kabla ya kupokea timololi, kwa kuwa inaweza kumletea shida ya kupumua.

Na hapa ndipo wengi huanguka. Wanatia dawa mwezi mmoja, hawaoni badiliko, wanaiacha. Ndugu zangu, dawa ya glakoma haiongezi mwanga. Ukiona hali haikubadilika, usidhani dawa haifanyi kazi. Nenda ukachukue chupa nyingine kabla ya hii kuisha.

Kama dawa ya kila siku inashindikana, mwulize daktari juu ya leza au operesheni. Katika hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, madaktari walilinganisha leza na matone ya timololi kwa wagonjwa 201. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja leza ilifaulu kwa macho 61 katika kila 100, na matone kwa 31. Leza haimfai kila mtu, na baadaye presha inaweza kupanda tena, kwa hiyo kurudi kupimwa ni lazima. Lakini ni swali la haki kuuliza.

Jambo moja linatuhusu sisi hasa. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, watu walivuka kuja Gisenyi mikono mitupu. Vita vilipofika Goma mwezi wa Januari 2025, watu walivuka tena. Katika mbio za namna hiyo mtu hubeba mtoto na godoro, chupa ya dawa hubaki juu ya meza. Na sisi tulio kambini huhamishwa kutoka mahali hadi mahali. Basi weka chupa, au hata boksi tupu lenye jina la dawa, pamoja na karatasi ya daktari, katika mfuko uleule wa karatasi za familia. Ukipangiwa kuhama, mwambie muuguzi mapema, uombe dawa ya njiani na nakala ya maandishi yako.

Msaada kwa anayesoma kwa shida

Mtu ambaye glakoma imekwisha kumpunguzia macho bado anaweza kusoma. Akae mwanga utokee nyuma ya bega lake, usimpige usoni. Achukue kipande cha karatasi ngumu, akiweke chini ya mstari anaousoma, na kukishusha mstari kwa mstari. Kidole cha kushoto kikae mwanzo wa mstari, kimngoje. Asome kidogo, apumzike, aendelee. Anayesoma kanisani au msikitini apewe somo siku moja kabla. Mwalimu akiona mwanafunzi anaruka mistari, asimchape, ampeleke apimwe.

Kwa wanaotuandikia matangazo, nami nimo, tuandike kwa herufi kubwa, nyeusi, kwenye karatasi nyeupe, na kuacha nafasi kati ya mistari. Na tangazo lisomwe kwa sauti pia, mara mbili.

Na wewe mzee usiyeona vema, usitie sahihi wala kidole kwenye karatasi usiyoisoma. Una haki ya kusema, "Nisomee kwanza." Hiyo si aibu. Mchague mtu mmoja unayemwamini, awe macho yako kwenye karatasi.

Yule mzee wetu sasa hasomi tena mbele ya watu. Lakini jioni hukaa mlangoni na mjukuu wake. Mjukuu anasoma, mzee anasahihisha, kwa kuwa masomo mengi anayajua kwa moyo. Juzi alinisikia napita, akaniita. Akaniambia, "Mwanangu, ukienda kuwaambia watu, waambie sikuwa mvivu."

Nimewaambia.

Sasa kila mmoja akirudi nyumbani amtazame aliye na miaka 40 na zaidi. Ampe karatasi hii asome mistari kumi kwa sauti. Akipotea, msimcheke. Mshikeni mkono mwende kituo cha afya.

 Kama kuna swali, niko hapa.